Kota za Chini ya Meru

Ukuta unaotenga chumba na chumba katika kota za zamani za mashamba haufiki juu. Unapanda hadi usawa wa lenta, pengine tofali mbili zaidi, halafu unaishia hewani. Juu yake unabaki uwazi mmoja mrefu chini ya kenchi, kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Mtu akikohoa chumba cha pili, cha sita wanajua. Moshi wa mmoja ni wa wote, na ugomvi wa usiku wa mshahara ni wa wote pia. Kwa mwenye shamba aliyejenga, uwazi huo ulikuwa na faida mbili: ulipunguza mawe na siku za mwashi, na mkaguzi alipokuja kuuliza habari za hewa, alionyeshwa juu.

Majengo ya namna hii yametapakaa kwenye ukanda unaoshika miguu ya Mlima Meru kusini na magharibi, kuanzia Ngaramtoni na Burka, kupita Tengeru hadi Usa River, na kushuka kwenye tambarare zilizokuwa za mkonge. Yaliyobaki mengi hayana mtu. Ukiwa ndani ya basi la Moshi huyaoni, kwa kuwa yalikaa mahali pa kutoonekana: nyuma ya kahawa, chini ya mteremko, mbali na macho ya nyumba kubwa lakini si mbali na kengele yake. Kengele yenyewe mara nyingi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo alfajiri. Boma la Arusha lina jina lake, mnara wa saa una sifa zake za kweli na za kubuni. Haya yanaitwa kota tu, au kambi, na wanaopita huongeza neno "ya zamani" wakaendelea na safari.

Ramani yake ni nyepesi kuichora. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, au kumi kwa kumi na mbili mwenye shamba akiwa mkarimu. Kirudie mara nane, mara kumi, mara kumi na mbili kwa mstari mmoja. Weka paa moja la mabati juu ya vyote, na gebo kila mwisho. Mbele acha baraza jembamba, linaloshikiliwa na nguzo za miti iliyokatwa papo hapo. Kila chumba kipate mlango mmoja na dirisha dogo la mbao lisilo na kioo. Pale bahili alipojenga, safu mbili zilipewa ukuta mmoja wa mgongo, kwa hiyo chumba hakikuwa na nyuma kabisa, na upepo uliingia na kutoka kwa mlango uleule. Jiko lilikuwa kando, banda refu lenye mafiga kwa safu. Choo cha shimo kilikuwa mbali zaidi, na bomba au mfereji ulikuwa wa wote. Kwenye ncha ya safu, mahali panapoona milango yote kwa mara moja, alikaa mnyapara, na chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na sebule.

Ukitazama vizuri utaona kitu kinachokosekana. Hakuna mahali pa kuweka mtoto, hakuna ghala la mahindi, hakuna kona ya mgonjwa. Nyumba ya kijijini, hata iwe ndogo kiasi gani, ina vitu hivyo vyote kwa namna fulani. Kota haina, kwa sababu ilipimwa kwa mwili wa mwanamume mmoja aliyelala, ikazidishwa kwa idadi ya wanaume waliotakiwa kulala. Vibarua waliletwa kutoka Singida, Kondoa na Mbulu, na kwa mkonge kutoka mbali zaidi, hadi Ruanda-Urundi. Walikuja na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, wakapewa posho ya unga kwa wiki. Mke alibaki nyumbani akilima, na shamba lake yeye ndilo lililolea watoto, lililomtunza mzee, na lililompokea mume alipomaliza mkataba au alipoumia. Mshahara wa mlowezi haukugusa gharama hizo, na jengo lake halikuzipa nafasi. Ndiyo maana nasema kota ni daftari la hesabu lililosimamishwa kwa mawe: kila futi iliyokatwa humo ni gharama iliyosukumiwa kwa mwanamke aliyeko Iramba au Kondoa.

Mlowezi wa Meru hakubuni mpango huu. Safu za namna hiyo zilikuwa tayari kwenye chai ya Assam na ya Ceylon, na huko Ceylon vyumba vya futi kumi kwa kumi na mbili vimeendelea kukaliwa na vizazi vya Watamil mpaka leo. Kimberley, Afrika Kusini, wachimba almasi walifungiwa ndani ya kambi zenye ua tangu miaka ya 1880. Katika Arusha mashamba yalipita mikononi mwa Wajerumani, Makaburu waliofika mwanzoni mwa karne ya ishirini, Wagiriki walionunua mali za Wajerumani baada ya Vita ya Kwanza, Waingereza na Wahindi. Lugha ya nyumba kubwa ilibadilika kila mara. Safu ya chini ya mteremko haikubadilika.

Hata ujenzi wa mawe katika mji huu una historia isiyopendeza. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, mlimani Meru. Kapteni Kurt Johannes akaja na askari kulipiza, akachoma nyumba na kukata migomba. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, walinyongwa Mangi Meli wa Moshi, Lobulu wa Meru na viongozi wengine kadhaa. Waarusha na Wameru walionusurika walilazimishwa kubeba mawe na chokaa za Boma, lile ambalo leo ni makumbusho ya taifa ya viumbe na mazingira. Mashamba ya walowezi yalipofunguliwa baadaye, mawe ya volkano yalikuwa yamelala mashambani bure na mafundi wa kuyachonga walikuwepo.

Lakini Waarusha na Wameru wenyewe kwa kawaida hawakulala kota. Walikuwa na migomba yao juu ya mteremko. Msimu wa kahawa walishuka kuchuma kwa debe, jioni wakapanda kurudi. Kadiri miaka ilivyokwenda, kupanda huko kulizidi kuwa kugumu: juu kulikuwa na msitu wa hifadhi wa serikali, chini kulikuwa na mashamba ya walowezi, na katikati watu waliongezeka. Mwaka 1946 tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi zigawiwe upya, na sehemu ya mapendekezo hayo ikawa kuwaondoa Wameru Ngare Nanyuki ili kupisha mashamba kumi na matatu ya Wazungu. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alisimama Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kilichotokea. Kesi hiyo inasimuliwa, kwa haki kabisa, kama hatua ya kuelekea uhuru. Mtu wa majengo anaona jambo jingine pia: serikali iliyochoma nyumba za familia upande mmoja wa mlima ndiyo iliyokuwa ikisajili safu za wanaume wapweke upande wa pili.

Sheria ya makazi ya vibarua ilikuwepo. Tangu mwaka 1923 mwajiri wa Tanganyika alitakiwa kumpa kibarua wa mbali makazi yanayofaa, na mwaka 1926 Idara ya Kazi ilianzishwa chini ya Meja Orde-Browne, aliyeandika mengi juu ya vyumba, maji na vyoo vya kambini. Bei za mazao zilipoanguka, idara hiyo ikafutwa mwaka 1931. Kwa hiyo miaka ambayo mashamba yalibana matumizi kuliko wakati wowote ndiyo miaka ambayo hapakuwa na wa kukagua.

Halafu kuna Tengeru, ambayo inavuruga kabisa mawazo ya anayedhani serikali ya kikoloni haikujua kujengea familia.

Mwaka 1942 walianza kufika Wapolandi, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa na Warusi hadi Siberia na Kazakhstan na kutokea Iran wakiwa mifupa mitupu. Karibu na Ziwa Duluti kilijengwa kijiji chao, kikubwa kuliko makambi yote ya Wapolandi barani Afrika, na idadi yao ikafikia kama 5,000. Walipewa kanisa, shule, hospitali na mashamba ya mafunzo. Na nyumba zao? Nyumba za mviringo, kuta zilizopakwa chokaa, paa la nyasi lenye ncha, zimetengana na kuachiwa nafasi ya bustani. Picha za wakati ule zinaonyesha maua mlangoni na akina mama wamekaa nje na cherehani.

Msonge, kwa maneno mengine. Umbo ambalo Mmeru na Mwarusha walilijua tangu zamani, umbo linaloweka moto katikati na watu kuuzunguka, walipewa Wazungu waliopoteza kwao. Mwafrika aliyetoka kwenye nyumba yake ya tembe au msonge kuja kufanya kazi kilomita chache kutoka hapo alinyooshewa mstari. Kisingizio cha fedha hakisimami hapa, maana msonge wa nyasi ni rahisi kuliko safu ya mawe na mabati. Nadhani tofauti ilikuwa kwenye swali aliloulizwa fundi kabla ya kuchimba msingi. Kwa Wapolandi swali lilikuwa ni familia ngapi. Kwa manamba, vibarua wa mkataba, lilikuwa ni mikono mingapi.

Nyumba hizo za Tengeru hazipo tena. Nyasi haikai. Wapolandi walianza kuondoka mwishoni mwa miaka ya 1940, wengi wakienda Uingereza, Australia na Canada, na eneo likawa la vyuo vya mifugo na kilimo. Kilichobaki cha kuonekana ni makaburi yao, yapatayo mia moja na hamsini, yenye uzio na mtu wa kuyatunza, na ubalozi unaoyakumbuka. Makaburi ya vibarua waliofia kambini yalikuwa vilima vya udongo pembezoni mwa mkonge, na trekta limekwisha kuyapita.

Miaka ya 1950 hesabu ilibadilika kidogo. Mashamba yalichoka na wanaume wanaokuja na kuondoka kila baada ya miezi, na Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, katika ripoti yake ya 1955, ilitaka mfanyakazi atulie kazini pamoja na familia yake. Kwa hiyo kota inaweza kukutajia umri wake bila karatasi yoyote. Chumba kimoja, jiko la pamoja, ukuta usiofika juu, mawe yaliyounganishwa kwa udongo: ya zamani. Vyumba viwili kwa mlango mmoja, jiko lake dogo nyuma, tofali za saruji, ukuta wa kati uliofika kwenye bati: mwishoni mwa ukoloni au baada ya hapo. Kwenye mashamba mengine aina zote mbili ziko jirani, na utaona kuwa ya zamani ndiyo iliyohamwa kwanza.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika magofu haya haikuchorwa na yeyote mwenye cheo. Wake walikuja hata hivyo, muda mrefu kabla ya tume. Watoto wakazaliwa. Chumba cha mtu mmoja kikawa cha watu saba, na jengo likaanza kutoa pembe. Tundu limevunjwa kwenye ukuta wa kati ili vyumba viwili viwe kimoja; unalitambua kwa sababu halina lenta, na mawe ya juu yamening'inia kwa bahati. Baraza limezibwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, likawa chumba cha vijana wa kiume. Nyuma kuna mabaki ya jiko la fito na udongo, kwa sababu hakuna mwanamke aliyekubali kupikia kwenye banda la mafiga ishirini akiwa na chumvi yake mwenyewe. Juu ya ukuta usiofika juu yamesukumwa magunia, kisha tofali mbichi, kisha karatasi za saruji, hadi uwazi ukazibika na hatimaye mtu akapata faragha. Msanifu angeviita viraka. Mimi naona ndipo nyumba ilipoanza.

Kuhama kulianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kuna desturi ya kulaumu Azimio la Arusha kwa kila bati lililoanguka chini ya Meru, na ni kweli kwamba mkonge ulitaifishwa baada ya Azimio la 1967 na kwamba huko Kilimanjaro mashamba ya kahawa yalichukuliwa mwaka 1973. Lakini vyumba vilikuwa vimeanza kubaki vitupu kabla. Mwaka 1962, kufuatia ripoti ya bodi ya mishahara iliyoongozwa na Chesworth, kima cha chini cha mshahara kilipanda, na waajiri wakajibu kwa kupunguza watu na kuwataka waliobaki wafanye zaidi. Uzalishaji wa mkonge nchini ulifika kilele mwaka 1964, zaidi ya tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaingia na bei ikaporomoka. Kahawa ilikuja kupigwa baadaye, mwaka 1989, mgawo wa kimataifa wa mauzo ulipovunjika. Kila pigo lilifunga milango kadhaa, na mlango wa kota ukifungwa miaka miwili haufunguki tena, kwa sababu bawaba zake zimekwishauzwa.

Kufa kwa jengo lenyewe kuna utaratibu wake. La kwanza kuondoka ni bati. Mabati ya zamani yalikuwa mazito, geji 24, na mwenye banda la ng'ombe anajua thamani yake kuliko mtu wa makumbusho. Zikifuata mbao za kenchi, ukuta unabaki na kichwa wazi kwa mvua za masika. Mawe hayana shida na maji. Kinachoyeyuka ni udongo ulioyaunganisha, maana saruji ilipakwa kwa nje tu, kwenye maungio, ili mgeni aone nyumba ya saruji. Udongo ukitoka, ukuta unavimba tumbo katikati, unakaa hivyo msimu mmoja au miwili, kisha unalala. Pembe hubaki zimesimama peke yake kwa muda mrefu, kwa kuwa pale mwashi alitumia mawe yaliyochongwa na saruji ya kweli. Hudumu pia sakafu. Ukikuta mstari wa mapande ya saruji yenye ukubwa sawa, yamepasuka na migomba imechomoza katikati, umesimama ndani ya kota, hata kama hakuna ukuta unaokufika gotini.

Je, serikali isiyalinde? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyosimama kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata lazima yatangazwe na waziri, moja moja. Mstari huo unayaweka salama magofu ya Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, pamoja na mifereji yake ya kilimo. Mji wa Arusha, ambao jengo lake kongwe la mawe ni la 1900, unaachwa nje mzima. Boma lilipata bahati ya kuwa ofisi kwa miaka mingi, na jumba la Kaloleni lilipata bahati kubwa zaidi ya kuwa mahali ambapo chama cha TANU kilipitisha Azimio, likafanywa makumbusho mwaka 1977. Walioandika historia ya mji wana mahali pa kuonyesha. Waliochuma kahawa iliyoulipia mji huo hawana hata chumba kimoja cha mfano.

Wengine wameamua vingine. New Lanark, kijiji cha kiwanda cha pamba katika bonde la mto Clyde huko Scotland, kilianzishwa miaka ya 1780 na kujengwa kwa mtindo unaofanana na huu: majengo marefu ya mawe, familia nzima kwenye chumba kimoja, mashambani mbali na mji. Kiwanda kilifungwa mwaka 1968 na nyumba zikaanza kubomoka. Wakazi na wapenzi wa mahali pale waliunda mfuko, wakatengeneza nyumba moja baada ya nyingine na kupangisha, na mwaka 2001 UNESCO ikakiorodhesha urithi wa dunia. Sitaki kudanganya kuwa Usa River ingeweza kufanya hivyo kwa fedha zilezile. Lakini safu moja, yenye baraza lake la madebe na tundu lake lisilo na lenta, ingegharimu kidogo kuliko uzio wa hoteli moja ya watalii wanaoelekea Momella.

Kinachofanya jambo hili lisiwe la magofu peke yake ni kwamba ramani ile bado inajengwa. Mashamba ya maua na mboga yaliyoanza kuenea kati ya Tengeru na Usa River tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yanaajiri watu wengi, wanawake kwa wanaume, na kwa kawaida hayawajengei. Ukihesabu kwa jicho la mwenye shamba wa zamani, hiyo ni hatua mbele: hata mawe ya kota yametoka kwenye daftari. Mfanyakazi anapanga mtaani. Na mtaani anakuta safu ya vyumba, futi kumi kwa kumi, milango imepangana kwa mstari, choo cha pamoja uani, mita moja ya luku inayogombanisha vyumba vyote mwisho wa mwezi. Tofauti ziko: dirisha lina nondo na wavu, kuna soketi, na mwenye uwezo anapata "masta" yenye choo ndani. Kiwanja mara nyingi ni cha familia ya Kimeru au ya Kiarusha, kilichokatwa kutoka kwenye migomba ya babu aliyekuwa akishuka kuchuma kwa debe na kupanda kulala kwake. Wapangaji wengi ni wa Singida, Kondoa na Babati, na watoto wao wako kwa bibi.